Ruby Payne-Scott, Mama Aliyesikiliza Jua

Kurasa za jarida letu zimezoea kubeba maisha ya malenga, ya wanasarufi na ya wakusanyaji wa hadithi. Mara hii ninawaletea wasomaji maisha ya mwanamke ambaye hakuandika shairi wala sarufi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza Jua. Sisi tunaosoma lugha za Afrika tunaijua taabu ya kumsikiliza msemaji ambaye lugha yake bado hatuifahamu: mwanzoni ni kelele tupu, kisha polepole sikio linaanza kutenga sauti moja na nyingine, mpaka mtu anaweza kusema kwamba hizi mbili si kitu kimoja. Ruby Payne-Scott aliifanya kazi ya namna hiyo kwa nyota iliyo umbali wa kilometa milioni 150 kutoka kwetu. Naye alinyimwa nafasi ya kuiendeleza kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa ameolewa.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tano 1912 huko Grafton, mji mdogo wa jimbo la New South Wales, Australia. Baba yake alikuwa mhasibu, na mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Angali mtoto alipelekwa Sydney kukaa na jamaa ili apate shule nzuri. Akiwa na miaka 16 aliingia Chuo Kikuu cha Sydney, akasoma fizikia na hisabati wakati ambapo wasichana katika madarasa hayo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1933 na ya uzamili mwaka 1936.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo milango ilifunguka. Haikuwa hivyo. Ilikuwa miaka ya uchumi mbaya duniani kote, na mwanafizikia wa kike hakuwa na mahali pa kwenda. Kwanza alifanya utafiti katika taasisi ya saratani ya chuo chake, ambako yeye na mwenzake walichunguza kama sumaku inaweza kubadilisha mapigo ya moyo wa kifaranga kilichomo ndani ya yai. Waliona kwamba haibadilishi kitu. Kisha akachukua diploma ya ualimu, akafundisha shule ya wasichana Australia Kusini. Mwaka 1939 kampuni kubwa ya redio mjini Sydney ilimpa kazi ya kutunza maktaba. Haukupita muda mrefu, akatoka kwenye rafu za vitabu na kuingia katika maabara ya vipimo.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyogeuza maisha yake. Mwezi wa nane 1941 alichukuliwa na Maabara ya Fizikia ya Redio ya CSIR, baraza la serikali la utafiti wa sayansi na viwanda. Maabara hiyo ilijengwa ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Sydney, na kazi yake ilikuwa siri: rada. Rada hutuma wimbi la redio, wimbi linagonga ndege au meli, na mwangwi unarudi na kuonekana kama nukta ya mwanga kwenye kioo. Lakini kioo hakikai kitupu. Kinajaa chembechembe za mwanga zinazochezacheza, ambazo mafundi wa redio huziita kelele ingawa hazina sauti. Payne-Scott alipewa swali hili: mwangwi ukiwa mdogo kiasi gani mtu bado anaweza kuutambua katikati ya kelele? Ni swali la fizikia, lakini pia ni swali la jicho na akili ya anayetazama. Alikuwa mjuzi wa jambo hilo kuliko karibu wenzake wote, na ujuzi huo ndio aliokwenda nao kwenye Jua.

Wakati huohuo, mahali pengine, Jua lilikuwa limekwisha kusema bila kualikwa. Mwisho wa mwezi wa pili 1942, rada za jeshi la Uingereza zilizibwa na kelele kali. Wakubwa wa jeshi walidhani ni hila ya Wajerumani. Mwanasayansi James Stanley Hey alipolinganisha taarifa za vituo mbalimbali aliona kwamba kelele ilikuwa inalifuata Jua angani, na kwamba siku hizo doa kubwa lilikuwa usoni mwake. Habari hiyo iliwekwa siri mpaka vita viishe. Mwaka 1945, rada za New Zealand kwenye kisiwa cha Norfolk nazo zilipata kelele wakati wa macheo na machweo. Aliyechambua taarifa hizo alikuwa mwanamke pia, Elizabeth Alexander, na ripoti yake ilifika Sydney.

Pale Sydney, kiongozi wa kikundi, Joseph Pawsey, aliamua kulifuatilia jambo hilo. Mwezi wa kumi 1945, vita vikiwa vimekwisha, Pawsey, Payne-Scott na Lindsay McCready walitumia rada ya jeshi la anga iliyokuwa Collaroy, ufukweni kaskazini mwa Sydney. Walipima nguvu ya mawimbi ya Jua kwenye masafa ya megahezi 200, siku baada ya siku, wakalinganisha vipimo vyao na ukubwa wa madoa ya jua. Vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Makala yao fupi ilitoka katika jarida la Nature mwanzoni mwa 1946.

Kupanda na kushuka pamoja si uthibitisho. Ilibidi waonyeshe kwamba mawimbi yanatoka palepale penye madoa, wala si usoni kote. Antena za siku zile hazikuweza kuona jambo dogo kiasi hicho. Wakatumia bahari. Dover Heights ni kilima kinachoishia kwenye jabali refu juu ya Bahari ya Pasifiki, na Jua linachomoza mbele yake. Antena moja iliyowekwa juu ya jabali hupokea wimbi mara mbili: lile linalokuja moja kwa moja na lile linalogonga uso wa maji na kuruka juu. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanasaidiana au yanauana, na Jua linapopanda, kalamu ya mashine inachora milima na mabonde kwenye karatasi. Kwa kusoma kina cha mabonde hayo mtu anaweza kujua upana wa chanzo na mahali kilipo. Alfajiri ya tarehe 26 mwezi wa kwanza 1946 Payne-Scott alikuwa kazini pale Dover Heights, na hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kipimo cha kwanza cha aina hiyo katika elimu ya nyota. Jibu lilikuwa wazi: mawimbi makali yalitoka kwenye eneo la madoa.

Katika makala ndefu iliyochapishwa mwaka 1947, McCready, Pawsey na Payne-Scott walieleza kwamba vipimo vingi vya namna hiyo vikijumlishwa kwa njia ya hisabati vinaweza kutoa picha nzima ya anga. Kwa mashine zao wasingeweza kulitekeleza wazo hilo. Leo darubini kubwa za redio, kama MeerKAT yenye antena 64 huko Afrika Kusini, zinafanya kazi kwa msingi huo.

Hapa nisimame kidogo kwenye maneno, maana tusipotenga maneno hatutatenga mambo. Magazeti ya Kiswahili huandika mlipuko wa jua kwa vitu vyote vinavyotoka huko. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza ni mwanga unaowaka ghafla juu ya eneo la madoa, pale nguvu ya sumaku iliyojikunja inapofunguka. Huo nitauita mwako. La pili ni mawimbi ya redio yanayofuata au kuambatana na mwako huo, mengine kwa sekunde chache tu. Hayo nitayaita milipuko ya redio. Mwako huonwa kwa darubini. Mlipuko wa redio hauonwi. Unapokelewa na antena, na ukiunganishwa na kipaza sauti husikika kama mafuta yanayokaangwa au upepo unaopita kwenye makuti.

Tarehe 8 mwezi wa tatu 1947 Jua lilitoa mlipuko mkubwa kuliko yote waliyokuwa wameisikia. Pale Dover Heights vipokezi vitatu vilikuwa vinafanya kazi kwa pamoja, kwenye megahezi 200, 100 na 60. Mlipuko haukufika kwenye vyote kwa wakati mmoja. Ulianza kwenye 200, dakika kadhaa baadaye ukafika kwenye 100, na mwisho kwenye 60. Payne-Scott, Donald Yabsley na John Bolton walichapisha habari hiyo mwaka huohuo. Maelezo yao yalikuwa kwamba kitu fulani kilirushwa kutoka chini na kupanda juu katika hewa ya Jua kwa mwendo wa mamia ya kilometa kwa sekunde, na kwamba kila kimo kilichopitwa kilitoa masafa yake.

Kwa nini kimo kiwe na masafa yake? Anayeijua ngoma ataelewa upesi. Ngozi iliyowambwa kwa nguvu na kukaushwa motoni hutoa sauti ya juu. Ngozi ikilegea, sauti inashuka. Hewa ya Jua ni gesi ya moto iliyovunjika kuwa chembe za umeme. Karibu na uso wa Jua chembe hizo zimesongamana, na zikigongwa hutetemeka kwa kasi kubwa. Kadiri unavyopanda juu gesi inakuwa nyepesi, na mtetemo wake unakuwa wa polepole. Basi kitu kinachopanda kikigonga gesi njia nzima, masafa yanateremka kadiri kinavyosonga. Anayesikiliza kwa vipokezi kadhaa anaweza kuhesabu mwendo wa msafiri ambaye hakumwona kabisa.

Mwaka 1948 Payne-Scott alihamia kituo cha Hornsby Valley, nje kidogo ya Sydney, akafanya kazi kwa sehemu kubwa peke yake. Aliweka vipokezi vya masafa mbalimbali chini ya megahezi 100, akakaa na karatasi zake miezi kadhaa. Katika zile kelele alitenga aina mbili za milipuko mifupi. Aina moja ilitokea siku za dhoruba, milipuko mingi sana iliyopandana juu ya kelele inayodumu kwa masaa au siku. Mawimbi yake yalizunguka kuelekea upande mmoja, na mlipuko uliosikika kwenye masafa haya huenda usisikike kabisa kwenye masafa jirani. Aina ya pili ilitokea pekee au kwa vikundi vidogo, haikuzunguka upande wowote, ilidumu sekunde chache, na ilisikika kwenye masafa mengi kwa zamu: ya juu kwanza, ya chini baadaye. Ucheleweshaji huo ulikuwa mdogo sana, sehemu ya sekunde tu kati ya megahezi 85 na zile zilizo karibu na 60. Mtu mwenye kipokezi kimoja asingeuona kamwe. Mtu mwenye vipokezi viwili lakini asiye na subira angedhani ni hitilafu ya mashine.

Makala yake ya 1949 kuhusu kazi hiyo ina jina lake peke yake. Mwaka huohuo mwenzake Paul Wild alijenga mashine iliyoweza kupitia masafa mengi mfululizo na kuchora mlipuko wote kwa mara moja, wakati upande huu na masafa upande ule. Wasomaji wa idara ya fonetiki wataikumbuka picha ya namna hiyo, kwa kuwa miaka ileile wataalamu wa sauti za binadamu Marekani walianza kuchora usemi kwa mhimili wa wakati na mhimili wa masafa. Tunavyosoma mteremko wa irabu baada ya konsonanti, ndivyo wanavyosoma mteremko wa mlipuko wa Jua. Mwaka 1950 Wild na McCready waligawa milipuko katika aina ya I, ya II na ya III. Ile ya dhoruba ikawa aina ya I. Mlipuko mkubwa kama ule wa tarehe 8 mwezi wa tatu ukawa aina ya II. Ile mifupi yenye kuteremka upesi ikawa aina ya III.

Sasa tunajua sababu ya upesi huo. Mwako unapotokea, elektroni zinarushwa nje kwa mwendo unaoweza kufika theluthi ya mwendo wa mwanga, nazo zinafuata mistari ya sumaku iliyo wazi kuelekea angani. Ndiyo maana masafa yanaporomoka kwa sekunde. Aina ya II haina elektroni za mbio kama hizo. Ni wimbi la mshindo linalosukuma gesi mbele yake, kwa hiyo inateremka kwa dakika.

Kazi yake ya mwisho ilifanyika Potts Hill, ambako yeye na Alec Little walitengeneza mashine iliyoweza kuonyesha mahali mlipuko ulipo usoni mwa Jua mara 25 kwa sekunde moja. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kufuata chanzo cha mlipuko kikitembea kutoka usoni mwa Jua kwenda nje. Makala zake juu ya kazi hiyo zilitoka mwaka 1951 na 1952. Baada ya hapo hakuna nyingine.

Ili kuelewa ukimya huo lazima turudi nyuma. Tarehe 8 mwezi wa tisa 1944 Ruby alifunga ndoa na William Hall, waliyekutana katika chama cha watembeao msituni. Ndoa hiyo hakuitangaza kazini. Sheria ya kazi za serikali Australia ilisema kwamba mwanamke akiolewa anapoteza kazi ya kudumu. Angeweza kurudishwa kama mfanyakazi wa muda, bila haki ya pensheni na bila uhakika wa kesho. Mwanamume akioa hakuulizwa kitu. Kwa hiyo Ruby aliendelea kuandika makala kwa jina la kuzaliwa, na baadhi ya wenzake waliojua walinyamaza.

Hakuwa mtu wa kuficha maoni yake mengine. Alidai waziwazi kwamba mwanamke anayefanya kazi ileile alipwe mshahara uleule. Alikuwa upande wa Wakomunisti wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la hatari, na idara ya usalama ya nchi ilifungua faili la habari zake. Mwaka 1950, taasisi ikiwa imeitwa CSIRO tangu mwaka uliotangulia, ndoa ilijulikana kwa wakubwa. Aliitwa kujieleza mbele ya mwenyekiti, Ian Clunies Ross, na wakaandikiana. Msimamo wake ulikuwa kwamba hakuona sheria wala dhamiri yoyote iliyomlazimu kutangaza ndoa yake. Haikumsaidia. Aliondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kudumu, na haki zake za pensheni zikapotea.

Mwaka 1951 alipata mimba. Hapakuwa na likizo ya uzazi kwa mtu kama yeye, naye akaacha kazi akiwa na miaka 39. Mtoto wake wa kwanza, Peter, alizaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Wa pili, Fiona, alizaliwa 1953. Mwezi wa nane 1952 mkutano wa kimataifa wa sayansi ya redio ulifanyika Sydney, na alihudhuria. Picha ya pamoja ya mkutano huo inamwonyesha katikati ya wanaume wengi sana. Peter alikuja kuwa mtaalamu wa takwimu anayejulikana duniani, na Fiona msanii maarufu wa nchi yake.

Watoto walipokua alirudi kufundisha, kuanzia 1963 mpaka 1974, katika shule ya wasichana ya Danebank mjini Sydney. Huko hakuwa Payne-Scott. Alikuwa madamu Hall, mwalimu wa hisabati na sayansi. Kwetu jina la mwanamke hubadilika pia, na akizaa huitwa Mama Fulani. Ni heshima, tena kila mtu mtaani anajua kwamba Mama Peter wa leo ndiye yule binti wa jana. Kwa Ruby uzi ulikatika. Jina lililo kwenye makala na jina lililo kwenye ubao wa darasa yalibaki kama ya watu wawili, na wanafunzi wake wengi hawakujua kwamba mwalimu wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitenga milipuko ambayo vitabu vya elimu ya nyota viliiita aina ya III.

Miaka ya mwisho aliugua maradhi ya kusahau. Alifariki tarehe 25 mwezi wa tano 1981, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 69. Sheria iliyomwondoa ilikuwa imefutwa mwaka 1966, miaka 15 baada ya yeye kutoka. Mwaka 2008 CSIRO ilianzisha tuzo yenye jina lake kwa ajili ya watafiti wanaorudi kazini baada ya kulea watoto, yaani kwa ajili ya jambo lilelile ambalo yeye hakuruhusiwa kulifanya.

Kazi ya kusikiliza inaendelea. Kila siku vituo vinavyoangalia hali ya anga la Jua huandika orodha ya milipuko ya redio, kwa kuwa aina ya II inaweza kuwa ishara ya wingu la gesi linalokuja kuvuruga setilaiti na mitambo ya umeme, na aina ya III inaonyesha kwamba njia ya elektroni kutoka Jua iko wazi. Anayeandika namba hizo hana haja ya kuandika jina la mtu. Lakini tofauti anayoiandika, ya mlipuko unaoteremka kwa sekunde na ule usioteremka, ilionwa kwanza na mwanamke mmoja aliyekaa bondeni Hornsby na karatasi zake mwaka 1948, akiwa mke wa mtu kwa siri.